Nilinyamaza Ukumbini

Katika mji wetu huu wa Dar es Salaam, msiba hauna haja ya mpiga mbiu. Mwanamke akilia kwa ile sauti ambayo kila mtu aijua, basi kabla jua halijapanda mikeka imekwisha tandikwa, viti vimekwisha azimwa, na daftari la rambirambi limekwisha funguliwa. Watu wasiojuana hata kwa majina huchota maji pamoja na kuchimba kaburi pamoja. Nimekaa mjini kwa zaidi ya miaka 40, na sijaona jambo linalonipa moyo juu ya binadamu kuliko hilo.

Lakini yako mazungumzo mengine katika msiba, nayo hayafanyiki mkekani. Hufanyika uani, au njiani watu wanaporudi kutoka makaburini, kwa sauti ya chini. Mkekani mtu husema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Uani mtu yule yule, viatu vyake vikiwa bado vina udongo wa kaburi, humwuliza mwenziwe, "Lakini wewe waonaje, ni Mungu kweli huyu?" Hapo ndipo unapoanza kutajwa mkono wa mtu.

Ndugu msomaji, nataka kusimulia habari ya mkono wa mtu uliotajwa nyumbani kwangu mwenyewe. Nimeiweka moyoni miaka mingi. Sitaji majina, kwani baadhi ya wahusika wangali hai na wengine wametangulia mbele ya haki, na wote nawaheshimu.

Mwaka 1999 nilikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo, nikiishi na mke wangu katika chumba kimoja cha kupanga huko Manzese. Nyumba yenyewe ilikuwa ya namna tuijuayo sote: ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande huu, na uani banda la vyumba viwili, jiko na choo. Tulikuwa na mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa akikaribia kutimiza miaka mitatu. Katika chumba kimoja cha uani alikaa mwanamke mzee ambaye wapangaji wote tulimwita Bibi. Alikuwa mjane, kwao Mkuranga, hana mtoto wala ndugu wa karibu hapa mjini, naye aliishi kwa kupika vitumbua. Kila siku aliamka saa 9 usiku kuwasha moto. Alfajiri harufu ya iliki ilipoingia vyumbani, sisi tusiokuwa na saa tulijua kwamba basi la wafanyakazi li karibu kupita. Mwanangu alikuwa mteja wake asiyelipa. Akishajifunza kufungua komeo la mlango wa uani, hakukuwa na namna ya kumzuia. Tulimkuta kila mara amekaa kwenye kigoda kando ya karai, mashavu yanang'aa mafuta.

Homa ilimwanza siku ya Alhamisi. Tulifanya kama tulivyofundishwa. Mke wangu alimpeleka zahanati, akapewa vidonge vya klorokwini vya siku tatu. Nilivisaga mwenyewe kwa mgongo wa kijiko nikavichanganya na sukari, maana wazazi wa siku zile wanakumbuka uchungu wa dawa ile na jinsi mtoto alivyoweza kuitema yote kifuani mwako. Ijumaa homa ilishuka kidogo, tukashukuru. Jumamosi ikapanda tena, na usiku, yapata saa 4, likaja degedege.

Mzazi aliyeliona hahitaji kuelezwa. Macho yanageuka, meno yanakaza, viungo vinatetemeka, na mtoto uliyemzaa anakuwa kama mgeni mikononi mwako. Sishangai kwamba wazee wetu wa pwani waliona humo kazi ya shetani ampitiaye mtoto usiku, wengine wakisema huja kwa umbo la ndege, wengine la nondo mkubwa aitwaye dege. Pamoja na imani hiyo ilikuwapo nyingine iliyoua watoto wengi: kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano hufa papo hapo. Na kwa kuwa wengi walifikishwa hospitali wakiwa tayari wamechelewa, wakadungwa, wakafa, imani hiyo ilijipatia ushahidi mpya kila mwezi.

Nyumba nzima iliamka. Shangazi yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea, akasema mtoto asiguswe na sindano, apelekwe kwa mganga wa mtaa wa pili afukizwe kwanza. Wanawake wakaafiki. Bibi alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chetu, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani. Akaniambia, "Mwanangu, mchukue mtoto uende hospitali sasa hivi. Hayo mengine yatangoja. Mimi wangu nilimpoteza kwa kungoja."

Maneno hayo niliyasikia vizuri. Nayakumbuka mpaka leo neno kwa neno. Lakini shangazi ni shangazi, na mke wangu alikuwa analia, na mimi, mtu niliyezoea kusikiliza mashine na kujua kwa mlio wake ni chuma gani kimelegea, usiku ule sikujua lolote. Tulikwenda kwa mganga. Mtoto akafukizwa kinyesi cha tembo, akapakwa dawa, degedege likatulia, likarudi, likatulia tena. Saa zikapita. Tulifika hospitali saa 11 alfajiri. Wauguzi walimtundikia chupa ya kwinini bila kutuuliza mengi. Daktari, kijana ambaye kwa macho yake alikuwa amekesha, aliniuliza jambo moja tu: "Limeanza saa ngapi?"

Nikamwambia saa 9.

Mwanangu alifariki Jumapili ile kabla ya adhuhuri.

Sasa msomaji na anifuate polepole, kwa sababu yaliyofuata hayakufanywa na watu wabaya. Waliokuja kutuzika walikuwa watu wema. Walitulipia sanda, walitupikia, walilala nasi sakafuni. Ni wao hao hao waliokusanya ushahidi. Nani alimpa mtoto kitumbua siku ya Jumatano? Bibi. Nani huamka saa 9 usiku, wakati ambapo binadamu wa kawaida amelala? Bibi. Macho ya nani ni mekundu? Ya Bibi. Na nani, nani zaidi ya wote, aliyeng'ang'ania mtoto apelekwe kwenye sindano? Kila mmoja wetu alijua kwa nini huamka saa 9, kwani kila mmoja wetu alikuwa amekula vitumbua vyake. Kila mmoja alijua kwamba macho ya mtu aliyeinamia moto wa kuni miaka 20 hayawezi kuwa meupe. Lakini uchungu ukiingia nyumbani, mambo tuyajuayo huondoka na kwenda kukaa mbali.

Ndugu wawili wa mke wangu walikwenda kupiga ramli. Walirudi na jibu: adui yu karibu, anakula nanyi, ni mwanamke mtu mzima. Watu wakashika vichwa kwa mshangao. Ilinichukua miaka kuona kwamba jibu lile lingeweza kutolewa kwa nyumba yoyote ya kupanga mjini, kwani ni nyumba gani isiyokuwa na mwanamke mtu mzima anayekula na wenziwe? Mpiga ramli hakumtaja Bibi. Alitupa nafasi iliyo wazi, tukaijaza sisi.

Wiki tatu baada ya mazishi, mwenye nyumba alituita wote ukumbini. Alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, asiyependa kelele. Alisema hataki mambo ya polisi wala ya serikali ya mtaa, ila wapangaji wake hawana amani. Wakasema mmoja mmoja. Hakuna aliyetamka neno uchawi. Walisema "mambo yasiyoeleweka". Bibi aliketi kwenye kigoda chake, kile kile alichokuwa akikalia mwanangu, mikono magotini. Mwishowe mwenye nyumba akanigeukia: "Mwenye msiba, wewe wasemaje?"

Ningeweza kusema kwamba mama huyu ndiye peke yake aliyeniambia kweli usiku ule. Ningeweza kusema kwamba mimi ndiye niliyepoteza saa 7. Nilisema, "Mimi sina la kusema."

Bibi aliondoka Jumanne iliyofuata. Godoro, karai, kikaango cha vitumbua na kigoda, vyote vilienea katika mkokoteni mmoja. Nilikuwa kazini. Nakiri kwamba nilifurahi kuwa kazini.

Miaka miwili ikapita. Mungu alitujalia mtoto wa kike, naye mwaka 2001 akapatwa na homa. Safari hii nilikwenda zahanati mwenyewe. Muuguzi akampima, akaniandikia dawa ambayo sikuwa nikiijua. Nikamwuliza kwa nini si klorokwini. Akanijibu, huku akiendelea kuandika, kwamba klorokwini haitolewi tena kuwa dawa ya kwanza ya malaria; serikali imeibadilisha mwaka huu, kwa kuwa vijidudu vimekwisha izoea na watoto wengi wanapewa lakini hawaponi. Nikamwuliza, vimeizoea tangu lini? Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mzee, si leo wala jana."

Nilisimama pale dirishani mpaka mtu wa nyuma yangu akaniomba nimpishe.

Baadaye nilijisomea kadiri nilivyoweza, kwa vitabu na magazeti na kwa kuwauliza wanaojua. Usugu wa vijidudu dhidi ya klorokwini ulianza kuonekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, na kila mwaka uliongezeka. Dawa iliyoshika nafasi yake mwaka 2001, ile tuliyoizoea kwa jina la SP, nayo haikudumu. Ilipofika mwisho wa mwaka 2006 tukaanza kupewa dawa mseto tunayoitumia hadi leo. Kwa hiyo vile vidonge nilivyosaga kwa mgongo wa kijiko vilikuwa vya kweli, havikuwa bandia, na kipimo chake kilikuwa sahihi. Vilikuwa vimechoka tu. Na ile malaria iliyosalia mwilini ilipanda kichwani. Vijidudu hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe hizo hunata katika mishipa midogo ya ubongo na kuizibaziba. Kwa mtoto mdogo yaweza kutokea kwa muda usiozidi siku moja au mbili tangu homa ianze. Degedege lake lilikuwa hilo. Halikuwa na bawa wala unyoya.

Fikirini, wazazi wenzangu, jinsi jambo hili linavyoweza kumpotosha mtu mwenye akili timamu. Sisi tulitumia dawa ya hospitali, tena tuliitumia vizuri, nayo haikufaa. Je, ilikuwa ujinga kudhani kwamba kuna kitu kingine? Kwa hakika kilikuwapo kitu kingine. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba kitu hicho lazima kiwe mtu. Tuliuliza "nani" pale tulipopaswa kuuliza "nini".

Nisieleweke vibaya, kana kwamba nawacheka wazee wetu. Swali la "nani" ni la binadamu wote. Ulaya, kati ya karne ya 15 na ya 18, makumi ya maelfu ya watu waliuawa kwa kushutumiwa uchawi, na wengi wao walikuwa wanawake. Jina lenyewe la malaria ni la Kitaliano, maana yake hewa mbaya, kwa sababu watu wa huko waliamini kwamba homa yatoka katika mvuke wa mabwawa. Mpaka mwaka 1880 daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, akiwa Algeria, alipoviona vijidudu katika damu ya mgonjwa. Na mwaka 1897 Ronald Ross, huko Uhindi, alipovikuta katika tumbo la mbu. Watu walikuwa wamekufa kwa malaria maelfu ya miaka kabla ya hapo, na miaka yote hiyo walihitaji jibu.

Yupo pia mtaalamu Mwingereza, Evans-Pritchard, aliyeishi na Wazande wa kusini mwa Sudan na kuandika kitabu juu yao mwaka 1937. Anaeleza kwamba ghala la nafaka likimwangukia mtu aliyeketi chini yake kupumzika, Mzande ajua sana kwamba mchwa wamekula nguzo. Hilo halimsumbui. Linalomsumbua ni kwa nini limeanguka saa ile, juu ya watu wale. Niliposoma habari hiyo nilijiona mimi mwenyewe. Muuguzi aliniambia nini kilimwua mwanangu, nami naamini. Lakini hakuna muuguzi awezaye kuniambia kwa nini ilikuwa mwanangu, wakati mtoto wa chumba cha mbele, mwenye umri ule ule, aliumwa wiki ile ile, akapewa vidonge vile vile, akapona. Swali hilo halina jibu. Dini yangu hunifundisha kuliacha kwa Mwenyezi Mungu, nami nimeliacha, ingawa kuna usiku huwa nalichukua tena. Ninachojua sasa ni kwamba jirani mzee si mahali pa kulitua swali kama hilo. Wengi wetu twaona uzito wa kulibeba, twatafuta pa kulitua, na aliye karibu na asiye na wa kumtetea ndiye tunayemtwisha.

Manzese Bibi alitwishwa mzigo huo akafukuzwa nyumba. Kwingineko wenzake wametwishwa wakauawa. Wasomaji wa umri wangu wanajua habari za Usukumani, ambako kwa miaka mingi vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo ni mekundu kwa moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe wanayopikia mahali ambapo miti imekwisha. Wanajua pia kwamba mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, wakati huo akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, baada ya watu waliokamatwa Shinyanga katika msako wa kukomesha mauaji hayo kufia mikononi mwa vyombo vya dola. Yeye hakumpiga mtu. Alisema tu kwamba jambo limetokea chini yake. Nilikuwa kijana wakati huo na sikuelewa kwa nini mtu aache uwaziri kwa kosa la wengine. Nilielewa nikiwa na miaka 40 na zaidi, nikikumbuka kigoda na mikono magotini. Mimi pia sikumpiga mtu.

Mwaka 2007, mwezi wa Novemba, nilichukua likizo ya siku nne. Nilimwambia mke wangu nakwenda Mkuranga kutazama shamba linalouzwa. Ulikuwa uongo wa pili katika habari hii, lakini mke wangu hadi siku hizo hakupenda Bibi atajwe nyumbani, nami sikuwa na nguvu za kubishana. Kumpata hakukuwa kazi. Pale stendi nilipouliza habari za mama mzee aliyekuwa akipika vitumbua mjini, kijana wa baiskeli alinibeba moja kwa moja mpaka kijijini kwao.

Ulikuwa msimu wa korosho. Nilimkuta amekaa chini ya mwembe anazitenga, nzuri upande huu, mbovu upande huu. Alikuwa amepungua sana mwili. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitikia, akanitazama kwa muda, akasema, "Umenenepa." Akampigia kelele mjukuu wa nduguye alete kiti.

Tulizungumza habari za mvua. Tulizungumza habari za bei ya korosho, na za watu wa nyumba ile, nani amehama na nani amekufa. Mwenye nyumba alikuwa amekufa, akamwombea. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Mbagala, lakini kila nilipofungua kinywa alinisogezea kitu, mara dafu, mara muhogo wa kuchoma. Mwisho nilitoka kitini nikakaa chini, nikamwambia, "Bibi, nimekuja kukuomba radhi. Siku ile ukumbini nilijua, nami sikusema."

Hakunijibu upesi. Aliendelea na korosho zake. Kisha akasema, "Wale wengine sikuwatazama. Nilikutazama wewe peke yako. Nikasema moyoni, huyu alinisikia mlangoni, huyu atasema." Akatupa korosho moja mbovu. "Nilikasirika siku nyingi, mwanangu. Sitakuficha. Nilikasirika mpaka nikachoka. Sasa mtoto wa pili hajambo?"

Nikamwambia hajambo, na wa tatu pia. Nikamwambia wanalala ndani ya chandarua, na homa ikiwapata nawapeleka kupimwa siku hiyo hiyo. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mwalimu asikiaye jibu alilolifundisha zamani.

Nalieleza hili la kupimwa kwa makusudi, kwani naona vijana wetu wanajisahau. Malaria haijaondoka. Siku hizi kipimo cha haraka hutoa majibu kwa dakika chache, na mtoto chini ya miaka mitano mwenye homa asilazwe usiku wa pili bila kupimwa. Tena nasikia jambo linalonirudisha mwaka 1999: watafiti wameripoti kutoka mkoa wa Kagera dalili za vijidudu vinavyoanza kuistahimili hata dawa mseto. Wataalamu wanafuatilia, na naomba wafanikiwe. Lakini ikitokea siku dawa hii nayo ikachoka, kabla tangazo halijatufikia watakuwapo wazazi watakaotimiza kipimo chote na mtoto asipone. Watatoka uani. Watatazama huku na huku. Nami najiuliza ni mlango wa nani watakaoutazama.

Nililala Mkuranga usiku mmoja. Asubuhi, ingawa nilimkataza, Bibi aliwasha moto, na nilipoamka iliki ilikuwa imejaa nyumba nzima, nikashindwa kutoka nje mpaka nilipojituliza. Alinifungia vitumbua katika kikapu kidogo, akavifunika kwa kitambaa. "Vya watoto," alisema. Hakusema zaidi, na sote wawili tulijua ninapelekwa wapi na kikapu kile.

Nilifika nyumbani usiku, watoto wamelala. Mke wangu alikuwa akipiga pasi. Nikakiweka kikapu mezani. Akafunua kitambaa, akanusa, akauliza, "Vimetoka wapi?" Nikamwambia vimetoka kwa Bibi, nikamweleza na habari yote, tangu uongo wa shamba hadi ule uongo niliomwambia daktari, ambao naye alikuwa haujui. Alisimama muda mrefu, mpaka nguo iliyokuwa chini ya pasi ikaanza kunuka. Kisha akaihamisha pasi, akavitoa vitumbua kikapuni, akavipanga katika sinia, akavifunika kwa kawa. Akaenda kulala bila kusema neno.

Nilipoamka alfajiri kwenda kazini, kawa lilikuwa limefunuliwa na vitumbua viwili havipo. Watoto walikuwa bado wamelala. Sikumwuliza, naye hakuniambia. Mwezi wa Desemba, wakati wa likizo ya shule, aliniomba nauli ya watu watatu kwenda Mkuranga na kurudi.